Jumapili ya Hancock na Ujanja wa Pwagu

Mchezo unaanza kwa mtu kushusha pumzi. Mwenzake naye anashusha yake, kisha kimya. Saa inaulizwa: kumbe ni saa nane tu ya mchana. Kisa cha "Sunday Afternoon at Home" hakina zaidi ya hapo. Mchezo huo ulirushwa na redio ya BBC tarehe 22 Aprili 1958, katika mfululizo wa Hancock's Half Hour. Ni Jumapili, mvua inanyesha, watu wamekaa sebuleni na hawana la kufanya.

Tony Hancock, mchekeshaji mkuu wa mfululizo huo, hakukipenda chakula alichopika mwigizaji mwenzake Hattie Jacques. Wenzao Sid James na Bill Kerr hawana msaada wowote. Hancock anaikodolea macho karatasi yenye nakshi iliyobandikwa ukutani mpaka anaanza kuona nyuso za watu ndani yake. Baadaye jirani, sauti ya Kenneth Williams, anaingia kupiga soga, na uchovu unazidi. Waandishi wa mchezo huo, Ray Galton na Alan Simpson, walifahamiana wakiwa vijana wanaotibiwa kifua kikuu katika hospitali ya Milford, Surrey. Watu waliolala kitandani miezi na miezi huijua vizuri saa isiyokwenda.

Wasikilizaji nao waliijua. Uingereza ya wakati huo, sheria ilifunga maduka mengi siku ya Jumapili, na baa zilifunguliwa kwa saa chache tu. England na Wales, maduka makubwa hayakuruhusiwa kufungua kwa kawaida siku hiyo mpaka sheria ya 1994.

Tanzania, kichekesho cha redio kilishika njia nyingine. Radio Tanzania Dar es Salaam, iliyokuwa redio pekee ya Bara hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990, ilikuwa na mchezo wa Pwagu na Pwaguzi. Jina lenyewe limetoka kwenye methali: pwagu hupata pwaguzi, mjanja hukutana na mjanja aliyemzidi. Kichekesho cha namna hiyo huishi kwa hila, ubishi na ulimi mwepesi. Lazima jambo litokee, tena upesi. Nyumba ya watu wazima waliokaa kimya mchana kutwa, bila mgeni wala mtoto wa jirani kupita, kwa msikilizaji wa Kigoma au Tanga ni nyumba yenye ugomvi au msiba. Kuchekea ukimya huo kungemwia vigumu.

Kuna pia sababu ya kiufundi, na pengine ndiyo kubwa. Hancock alirekodi mbele ya watu ukumbini. Aliponyamaza, kicheko chao kiliijaza nafasi, na aliye nyumbani alijua kipindi kinaendelea. Michezo mingi ya redio ya Kiswahili hurekodiwa studio bila watazamaji. Humo ukimya ni ukimya mtupu, na mkono wa msikilizaji huenda kwenye betri. Kwa hiyo mwigizaji wa Kiswahili alijifunza kutoachia nafasi, na wepesi wake wa kujibizana ni ufundi kamili, si upungufu wa subira.

Rekodi ya mchezo ule wa Jumapili ipo hadi leo, na ni ya nusu saa tu. Mswahili aliyeko ughaibuni aisikilize siku ya mvua, na pale wanaponyamaza asiisogeze mbele.