Tulipopima, Nani Alikuwemo Garini?

Katika ukurasa huu tumezoea kujadili bajeti, katiba na uchaguzi. Leo niruhusu nizungumzie matairi. Kisa ni changu na kosa ni langu, lakini naamini kina funzo kwa kila aliyekabidhiwa kazi ya kuwapimia wengine.

Nyumbani kwetu ni Mchombe, katika bonde la Kilombero, chini ya milima ya Udzungwa. Mpunga hustawi huko kwa sababu ileile inayoyakwamisha magari: udongo wetu hushika maji. Kila masika, mwenye gari dogo anayetumia barabara ya Ifakara kwenda Mlimba hutafuta namna ya kuliinua gari lake lisikwame. Wapo wanaoweka spesa juu ya springi. Mimi, mwenye Toyota Noah, niliamua kubadili matairi.

Gari langu lilikuwa na matairi ya 195/65R15. Tarakimu hizo si mapambo. 195 ni upana wa tairi kwa milimita. 65 ni asilimia ya upana huo, nayo ndiyo kimo cha ubavu wa tairi, yaani karibu milimita 127. 15 ni kipenyo cha rimu kwa inchi, sawa na milimita 381. Ukijumlisha rimu na mbavu mbili, ya juu na ya chini, unapata kipenyo cha milimita 634.5.

Nilinunua 205/70R15, ambalo kipenyo chake ni milimita 668. Nilifurahia kwamba gari limepanda. Sikutafakari kwamba limepanda kwa nusu tu ya tofauti hiyo, yaani milimita 17 zisizotimia, na kwamba nusu ya pili imeelekea juu, ndani ya fenda, mahali ambapo tairi huhitaji nafasi gari linapodidimia. Aidha, mzunguko wa gurudumu uliongezeka kwa zaidi ya asilimia 5, hata mshale wa mwendo ukisoma 80, kwa kweli nakwenda zaidi ya 84.

Kosa la pili lilikuwa rimu. Niliona rimu za kung'aa zenye upana wa inchi 7, nikaziacha zangu za inchi 6. Pamoja na upana, rimu ina kipimo kiitwacho ofseti: umbali kati ya mstari wa katikati ya rimu na sehemu inayokaa kwenye habu. Kadiri ofseti inavyopungua, ndivyo gurudumu linavyosogea nje. Zangu zilikuwa na ofseti ya milimita 45, mpya zilikuwa na 35. Ongeza nusu inchi ya upana upande wa nje, nayo ni milimita 12.7, utaona kuwa ukingo wa rimu ulisogea nje kwa karibu milimita 23. Nafasi iliyokuwapo kati ya tairi na ukingo wa fenda ikawa imeliwa kutoka juu na kutoka pembeni kwa wakati mmoja.

Gereji tulijaribu. Fundi alizungusha usukani, akainama, akachungulia, akasema, "Mwalimu, haligusi popote." Alisema kweli. Gari lilikuwa tupu, limesimama juu ya sakafu ya saruji.

Juma lililofuata nilimchukua shangazi yangu kumpeleka kwa daktari Ifakara. Kwa desturi yetu gari haliondoki kijijini na viti vitupu: tulikuwa watu wanane, na nyuma magunia mawili ya mchele. Kila tulipoingia shimoni nilisikia mkwaruzo, kisha harufu ya mpira unaoungua. Nilijiambia kwamba tairi litajitafutia nafasi lenyewe. Katika korongo moja, ukingo wa fenda ulilichana tairi la nyuma kwenye bega lake. Tairi la akiba lilikuwa la kipimo cha zamani, hivyo tukaendelea kwa kujikokota, gari limeinama upande. Tulifika daktari akiwa amekwisha kuondoka.

Shangazi hakunilaumu. Akiwa ameketi kando ya barabara, mguu wake umevimba, aliniuliza tu: "Mwanangu, ulipolipima gari hili, sisi tulikuwemo?"

Swali hilo limenikaa. Bonde letu lina mfano wake mkubwa zaidi. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kwa msaada wa China na kuzinduliwa mwaka 1976, ina upana wa milimita 1067. Tawi la Reli ya Kati litokalo Kilosa lina milimita 1000. Njia hizo hukutana Kidatu, na milimita 67 zinatosha kulizuia behewa lisivuke: mzigo sharti uhamishwe. Hata hivyo, upana wa TAZARA ulikuwa na sababu inayoelezeka. Ulilingana na reli za Zambia, nchi iliyohitaji kupitisha shaba yake bila kuitegemea Rhodesia ya walowezi. Hakuna kipimo kinachomfaa kila mtu. Lakini mpimaji anapaswa kujua amelingana na nani, na nani atakayebeba mzigo mabegani.

Mimi sikujua. Nililingana na matope, na gharama akailipa abiria wa kiti cha nyuma. Wangapi maofisini hufanya hivyo? Mkaguzi anayepita barabara yetu mwezi Septemba, watu wawili ndani ya gari refu, ataandika kwamba inapitika, na hatakuwa amesema uongo. Atakuwa amepima kama fundi wangu: gari tupu, mahali pakavu.

Nimerudisha rimu za awali na kuweka 205/65R15, kipenyo milimita 647.5, ambacho kimezidi cha mwanzo kwa asilimia 2 hivi. Nimepata milimita 6.5 za kimo, basi. Matope yaliyobaki ni ya barabara, wala hayatatibiwa kwa duka la matairi. Kabla ya kulipa nililijaza gari watu, nikakata usukani hadi mwisho pande zote mbili, nikapita tuta taratibu, kisha nikapitisha vidole kati ya tairi na fenda, gurudumu baada ya gurudumu. Shangazi alikuwa kwenye kiti cha nyuma. Nilimwomba asishuke mpaka nimalize.