Gitaa Halimo Ndani

Wanaonifahamu chuoni wananijua kwa ubishi wangu katika suala la arudhi. Tangu mwaka wa kwanza niliegemea upande wa wale wanaoshikilia kuwa vina na mizani ni pingu mikononi mwa mshairi. Nilikisoma kitabu cha Kaluta Amri Abedi, Sheria za Kutunga Mashairi, kilichochapishwa mwaka wa 1954, kwa nia ya kukipinga, na Kichomi ya Kezilahabi ya mwaka wa 1974 kwa nia ya kuisifu. Katika kikao kimoja cha chama chetu nilisimama nikadai, mbele ya wahadhiri watatu, kwamba hakuna uchungu wa kweli unaoweza kuhesabiwa kwa vidole. Nilipigiwa makofi. Walionipigia makofi hayo nawaomba radhi kidogo, maana kilichonitikisa baadaye hakikuwa hoja ya msomi yeyote, bali ala ndogo yenye nyuzi nne na shindano la watu wasiojua hata neno moja la Kiswahili.

Ala yenyewe ni ukulele. Niliinunua mwaka wa 2022 kwa mwanafunzi wa kigeni aliyekuwa akifunga virago kurejea kwao, naye aliniuzia kwa bei ya kutupa kwa kuwa haikuenea katika sanduku lake. Wengi huidhania kuwa gitaa la watoto. Asili yake ni kisiwa cha Madeira, milki ya Ureno, ambako watu walipiga ala ndogo iliyoitwa machete. Mwezi wa Agosti mwaka wa 1879, meli iliyoitwa Ravenscrag ilitia nanga Honolulu, Hawaii, ikiwa na wahamiaji kutoka kisiwani humo waliokuja kufanya kazi katika mashamba ya miwa. Miongoni mwao walikuwamo maseremala watatu, Manuel Nunes, Augusto Dias na José do Espírito Santo, ambao baadaye walianza kuunda ala hizo kwa mbao za huko. Mfalme Kalākaua aliipenda, ikaingia katika burudani za ikulu. Jina lake, kwa tafsiri iliyoenea zaidi, maana yake ni kiroboto arukaye. Anayetazama vidole vya mpigaji hodari hahitaji kuelezwa sababu.

Siku hizi wapigaji wake wametapakaa duniani kote, na wengi wao si wanamuziki wa kulipwa. Ni wastaafu, wauguzi, walimu, madereva wa malori. Watu wanaorudi nyumbani jioni wakaitoa ala ukutani ili kuisahau kazi. Kupitia mtandao wamezoea kupeana changamoto. Katika shindano nililojiunga nalo, kila wiki mmoja wao huwa mwenyeji. Hutangaza mada, na wenzake hupewa siku 7 za kurekodi wimbo unaoafikiana nayo, uwe wa kubuni au wa mtu mwingine, mradi ukulele isikike na mwimbaji aonekane. Hakuna donge nono. Mwenyeji huzitazama video zote, hata zikifika 80, na kila mmoja humwambia neno. Zipo changamoto kali zaidi: ile iitwayo FAWM, iliyoanzishwa mwaka wa 2004, humtaka mtunzi atunge nyimbo 14 katika siku 28 za Februari.

Msomaji wa jarida hili ataniambia kwamba hayo kwetu si mageni. Kweli. Muyaka bin Haji alijibizana na washairi wa Lamu kabla ukulele haijazaliwa, na kurasa za mashairi za Taifa Leo zimelea malumbano ya miaka na mikaka. Tofauti niliyoiona ni moja. Katika malumbano yetu mada huzaliwa na ugomvi. Mtu huingia kwa kuwa ana la kusema. Hapa mada humwangukia mtu kama swali la mtihani, awe na la kusema au asiwe nalo.

Mwezi wa Mei mwaka wa 2023 mada ilikuwa 'kitu kilichoondoka nyumbani'. Wenzangu waliimba kuhusu magari ya kwanza kuyamiliki, mbwa waliokufa, mwana aliyekwenda jeshini. Nia yangu ilikuwa kuuimba wimbo wa mtu mwingine nijitoe. Sikuweza, kwa sababu nilikijua kitu kilichoondoka kwetu.

Nyumbani ni Kisa, katika kaunti ya Kakamega, alikotoka George Mukabi. Baba yangu alipiga gitaa kwa mtindo huohuo wa Omutibo uliovuma miaka ya 1950: dole gumba likitembea kwenye nyuzi nene bila kupumzika, kidole cha shahada kikisimulia juu yake, na mtu wa pembeni akikwaruza chupa ya Fanta. Mtu huyo wa pembeni nilikuwa mimi. Gitaa lilitundikwa kwenye msumari sebuleni, juu ya kalenda. Januari mwaka wa 2016 niliitwa kidato cha kwanza, na wiki hiyo gitaa likauzwa. Hakuna aliyeniambia lolote, wala sikuuliza. Nilimwona tu mtu nisiyemjua akilibeba kuelekea barabarani, Baba akimtazama. Kwa miaka 7 hatukuwahi kulitaja.

Nilianza kwa shairi huru, kama ilivyokuwa ada yangu. Niliandika kurasa tatu. Kila ukurasa uliishia mahali pamoja, 'nisamehe, Baba', na kila nilipofika hapo nilitaka kuirusha kalamu. Mtu asiye na mpaka, nadhani, hulikimbilia lile neno lililo karibu zaidi na mdomo. Jumatano usiku, zikiwa zimesalia siku tatu, nilianza kuhesabu kwa vidole, kwa hasira, kana kwamba namfanyia mtu mzaha. Nane kwa nane. Ubeti wa kwanza ulikuja hivi:

Jumamosi lilitoka, begani mwake mgeni,
Nawe hukutikisika, ukasimama njiani,
Msumari umeshika, peke yake ukutani,
Karo yangu ikafika, gitaa halimo ndani.

Msumari sikuwa nimeukumbuka katika kurasa zote tatu za awali. Uliletwa na kina. Nilikuwa natafuta neno la kukamilisha 'ukutani', nikauona ukuta wenyewe, na msumari ukiwa bado pale, juu ya kalenda. Niliketi kitandani kwa muda mrefu.

Kuuimba kulikuwa na mashaka yake. Mizani nane huenea vizuri katika mapigo manne, mbili kwa kila pigo. Lakini mkazo wa neno la Kiswahili hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, yaani mizani ya saba, na ukianza kuimba kwenye pigo la kwanza, mkazo huo huangukia pigo la nne, ambalo ni dhaifu. Wimbo ukasikika kama mtu anayechechemea. Baada ya kuhangaika hadi usiku wa manane niliacha pigo la kwanza lipite bila neno, nikaanza kuimba kwenye la pili. Hapo mizani ya saba ikatua juu ya pigo la kwanza la duru iliyofuata, na kipande kikakaa. Mwalimu wangu wa ushairi angenicheka: mimi, adui wa mizani, nikiipangia makazi usiku kucha.

Nilituma Jumamosi bila tafsiri. Mwenyeji alisema ameupenda mwendo wake wa kuchelewa. Mama mmoja wa makamo aliuliza iwapo ni wimbo wa kubembeleza mtoto. Niliona heri nisimjibu, kisha nikaona ni utovu wa adabu, nikamwandikia sentensi moja: baba yangu aliuza gitaa lake ili mimi nisome. Alinijibu kwamba babake aliuza ng'ombe.

Likizo ya Agosti nilikwenda nyumbani na ukulele yangu. Baba huniita 'mama' kwa kuwa nilirithi jina la mama yake. Usiku, baada ya chakula, nilimwomba anisikilize. Niliimba beti zote tano bila kumtazama. Tangu ubeti wa pili nikasikia anagonga meza kwa kifundo cha kidole, polepole, mahali ambapo dole gumba lingekuwa. Ukulele haina nyuzi nene. Hata ule uzi ulio karibu na kidevu cha mpigaji huwekwa sauti ya juu.

Nilipomaliza alinyamaza, kisha akasema, "Haikuwa Jumamosi, mama. Niliuza Alhamisi."

Nikamwambia nilimwona yule mtu kwa macho yangu.

"Ulimwona akilirudisha. Uzi wa kwanza ulikatika, naye hakujua kuufunga. Alilileta Jumamosi asubuhi, nikamfungia uzi mpya, nikalilinganisha, nikalipiga kidogo ili kulijaribu. Wewe ulikuwa kisimani. Ulirudi anaondoka."

Kwa hiyo gitaa liliondoka mara mbili, na mara ya pili alilitengeneza kwanza. Nilitaka kuurekebisha ubeti palepale. Ukiihesabu ile l kuwa mizani, 'Alhamisi lilitoka' inazidi kwa moja, na wahakiki wa chama hiki wangenisulubu. Baba alikataa. Jumamosi pia lilitoka, alisema, hapo hujadanganya.

"Ila hapo unaposema sikutikisika," akasema, akichukua ukulele na kuigeuzageuza, vidole vyake vikitafuta nyuzi mbili zisizokuwapo, "hapo ulikuwa mbali. Hukuona."

Tangu siku hiyo nimetafuta mizani nane za kuchukua mahali pa hizo, zenye kina cha 'ka'. Bado sijazipata.