Gari la klachi linazima ukipunguza mwendo? Jiulize kwanza mguu wako ulikuwa wapi



Nyanya zikipata bei nzuri, au mahindi yakitoka vizuri, wengi wenu mnafanya jambo la maana: mnanunua gari dogo la mzigo. Mara nyingi ni kirikuu, ile Suzuki Carry iliyokwisha kutumika Japani, na mara nyingi ni ya manyuali, yaani ya klachi na gia za kubadili kwa mkono. Wiki ya kwanza ni furaha tupu. Wiki ya pili simu zinaanza: "Bwana shamba, gari langu linatembea vizuri tu, ila nikipunguza mwendo linazima."

Kazi yangu ni ugani, si ufundi magari. Ila swali hili nalijibu kama ninavyojibu la mahindi yaliyogeuka njano. Njano inaweza kuletwa na upungufu wa naitrojeni, maji kutuama au ugonjwa. Anayekimbilia duka la pembejeo kabla hajaangalia majani yapi yalianza, ya chini au ya juu, anaweza kununua dawa tatu na shamba likabaki vilevile. Gari linalozima ni hivyohivyo. Kabla hujanunua kifaa chochote, jibu swali moja: lilipozima, mguu wako wa kushoto ulikuwa wapi?

Kama mguu ulikuwa nje ya klachi

Hapo huenda injini haina ugonjwa wowote. Gari likiwa kwenye gia na klachi haijakanyagwa, injini na magurudumu vimefungwa pamoja. Ukikanyaga breki hadi magurudumu yakawa yanajikokota, injini nayo inajikokota. Ikifika chini ya kiwango fulani haiwezi tena kujiendesha. Inatetemeka, gari linarukaruka kidogo, kisha kimya.

Hili linawapata hata madereva wazoefu wanapohamia gari jingine. Aliyezoea gari kubwa la dizeli anaweza kutambaa nalo kwa gia ya tatu na lisilalamike. Kirikuu ina injini ya petroli ya 660 cc. Haina nguvu ya kukokota mzigo ikiwa inazunguka taratibu. Inataka ushuke gia mapema. Na ukumbuke kwamba huko Japani magari ya aina hii yamewekewa kikomo cha mzigo cha kilo 350, yaani magunia matatu ya mahindi ya kilo mia na nusu. Ukipakia magunia saba, kuzima unapokata kona sokoni si jambo la kushangaza, na klachi nayo inaliwa.

Dawa yake ni mazoezi, na haina gharama:

1. Unapotaka kupunguza mwendo, toa mguu kwenye mafuta na ukanyage breki. Klachi iache kwanza.
2. Ukisikia injini inaanza kunguruma kwa uzito, shusha gia: kutoka ya nne kwenda ya tatu, kutoka ya tatu kwenda ya pili.
3. Ukiwa gia ya pili na mwendo umeshuka hadi kama kilomita 15 kwa saa, kanyaga klachi mpaka mwisho, kisha malizia kusimama kwa breki.
4. Mbuzi akikatiza ghafla, kanyaga breki na klachi kwa pamoja.
5. Kama gari limekaribia kusimama kabisa, ondoka kwa gia ya kwanza. Usilazimishe ya pili.

Nenda kiwanja cha mpira jioni moja, rudia mara ishirini. Kama baada ya hapo gari halizimi tena, umeokoa pesa yako.

Kama mguu ulikuwa kwenye klachi na bado likazima

Hapa habari ni nyingine. Ukikanyaga klachi, injini imeachana na magurudumu. Inatakiwa isimame yenyewe kwa ule mngurumo mdogo ambao mafundi wanauita sailensi. Kwa injini nyingi za petroli zilizokwisha kupata moto, sailensi huwa kati ya mizunguko 650 na 900 kwa dakika. Kirikuu nyingi hazina mshale wa kuonyesha mizunguko hiyo, kwa hiyo tumia masikio: mngurumo uwe wa kulingana, usiopanda na kushuka.

Kwa nini tatizo lionekane wakati wa kupunguza mwendo? Kwa sababu ndipo injini inapoanza kujitegemea. Gari la EFI likiwa kwenye gia na mguu umetoka kwenye mafuta, kompyuta yake hukata petroli kabisa, kwani magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini. Mwendo ukishuka, au ukikanyaga klachi, petroli inarudishwa haraka na injini inavuta hewa kupitia njia nyembamba sana. Njia hiyo ikiwa imezibwa na masizi, au hewa ya ziada ikipenya pasipotakiwa, injini inashindwa kujishika. Kwa magari ya zamani yenye kabureta, tatizo linaweza kuwa njia ndogo ya petroli ya sailensi imeziba, au sailensi imewekwa chini mno.

Vipimo vinne vya kufanya mwenyewe

Fanya injini ikiwa ya moto, kiwanja kikiwa tambarare na watoto wakiwa mbali.

*Kipimo cha kwanza.* Simamisha gari, weka nyutro, vuta breki ya mkono, acha lingurume dakika tano. Kisha washa taa kubwa na feni. Likitetemeka na kuzima, shida iko kwenye sailensi: njia ya hewa chafu, plagi zilizochoka, au mpira wa hewa uliopasuka.

*Kipimo cha pili.* Likiwa bado nyutro na breki ya mkono imevutwa, kanyaga breki ya mguu taratibu, shikilia, achia, rudia. Mngurumo ukibadilika kidogo na kurudi, hakuna neno. Ukisikia sauti ya *shhh* karibu na miguu yako na injini ikataka kuzima, shuku busta ya breki. Gari hilo lisibebe mzigo wala abiria mpaka lipimwe.

*Kipimo cha tatu.* Injini ikinguruma na mguu ukiwa kwenye breki, kanyaga klachi mpaka mwisho na uingize gia ya kwanza. Gari likijivuta mbele wakati klachi iko chini kabisa, au gia ya nyuma ikikwaruza kila unapoiingiza, klachi haiachii sawasawa. Injini inaendelea kushikwa na magurudumu hata unapodhani umeiachia. Klachi ya waya inaweza kuhitaji kukazwa. Ya mafuta, angalia kama mafuta yake yamepungua au yanavuja.

*Kipimo cha nne.* Kwenye njia tupu, nenda kilomita 40 kwa saa, toa mguu kwenye mafuta na ukanyage klachi bila kugusa breki. Mngurumo ukishuka na kutulia, injini ni nzima. Ukishuka moja kwa moja hadi kuzima, mwambie fundi aanze na kusafisha njia ya hewa na kukagua valvu ya sailensi.

Usisahau betri. Magari mengi yaliyotoka bandarini yamekaa muda mrefu, na betri imefunguliwa au kubadilishwa. Baadhi ya kompyuta za magari hupoteza kumbukumbu ya sailensi, na zinahitaji kufundishwa upya. Fundi mwenye mashine ya kupimia anaweza kulifanya hilo bila kubadilisha kifaa chochote.

Mama wa Ilula na pampu mbili

Ilula, kule Kilolo mkoani Iringa, nyanya ndiyo maisha, na barabara kuu ya kwenda Morogoro inapita katikati. Mama mmoja anayesafirisha nyanya hapo alinunua gari la klachi, akamkabidhi mpwa wake aendeshe. Likawa linazima likipunguza mwendo. Fundi wa kwanza akasema pampu ya petroli, ikanunuliwa. Fundi wa pili akasema pampu ile ilikuwa mbovu. Ikanunuliwa nyingine, pamoja na plagi. Gari likaendelea kuzima. Matenga ya nyanya yakawa yanafika sokoni wanunuzi wameshaondoka.

Nilipofika kwake kwa habari za kantangaze, alinionyesha vile vifaa vya zamani kwenye ndoo. Nikamwuliza mpwa: "Mkirudi kutoka Ruaha Mbuyuni, mkipanda Kitonga, linasumbua?" Akasema, "Hapana mjomba, kupanda linapanda bila shida."

Jibu hilo pekee lilitosha kutilia shaka pampu zote mbili. Injini inayokosa petroli hulalamika zaidi pale inapohitaji petroli nyingi, yaani mlimani na mzigo ukiwa mgongoni. Haiwezi kupanda Kitonga vizuri, kisha ikafa njaa kwenye kona ya soko.

Nikamwomba afanye kile kipimo cha pili. Alipokanyaga breki, sote watatu tulisikia *shhh*, injini ikatetemeka, ikazima. Pedali nayo ilikuwa ngumu. Busta ilipofunguliwa, mpira wake wa ndani ulikuwa umechanika. Kila breki ilipokanyagwa, hewa ilipenya hadi kwenye injini, na hiyo ndiyo iliyokuwa ikiizima.

Yule mama hakushukuru kwanza. Alikaa kwenye tenga tupu, akamwambia mpwa wake, "Kwa hiyo wiki tatu hizi umekuwa ukishuka Kitonga na breki nusu." Kijana akainama.

Ndiyo maana naandika haya. Kuzima kwa gari ilikuwa ni dalili tu. Waliokuwa wakihangaika na injini walikuwa wakihangaika na jani, na ugonjwa uko kwenye mzizi.

Usishuke mlima na nyutro

Yule kijana alikuwa na tabia nyingine ambayo wengi wenu mnayo: kuweka nyutro kwenye mteremko ili kuokoa mafuta. Tazama hasara yake.

Kwanza, gari la EFI haliokoi chochote hapo. Likiwa kwenye gia na mguu umetoka kwenye mafuta, petroli imekatwa. Ukiweka nyutro, injini inalazimika kuchoma petroli ili isizime.

Pili, na hili ni kubwa zaidi: likiwa kwenye gia bila klachi kukanyagwa, magurudumu yanaizungusha injini hata kama moto umekatika. Busta inaendelea kupata nguvu, na injini inakusaidia kuzuia gari. Kwenye nyutro, gari lenye kasoro hii likizima, umebaki na akiba ya busta ya kukanyaga breki mara moja mbili hivi, kisha pedali inakuwa ngumu kama jiwe. Usukani wenye pawa nao unakuwa mzito. Kitonga, Sekenke, au kilima kidogo cha kijijini kwako, kanuni ni moja: shuka kwa gia ambayo ungeitumia kupanda.

Likikuzimikia njiani likiwa linatembea, fanya hivi: usichomoe ufunguo, kwa sababu usukani unaweza kujifunga. Kanyaga breki mara moja kwa nguvu na ushikilie, usiipampu. Washa taa za tahadhari, elekea pembeni. Likisimama, vuta breki ya mkono, weka kizuizi kwenye gurudumu, kisha ndipo ujaribu kuwasha.

Nenda kwa fundi ukiwa na daftari

Shambani nawasisitiza muandike tarehe ya kupanda na ya kunyunyizia. Kwenye gari andika vilevile. Kila likizima, mistari minne inatosha: injini ilikuwa baridi au ya moto, gia ya ngapi, klachi ilikuwa juu au chini, breki ilikanyagwa au la. Baada ya mara tano utaona mwenyewe mfano unaojirudia. Fundi mzuri atakushukuru, na yule wa kubahatisha ataona kwamba huyu mteja hababaishwi.

Kama gari ni jipya la dukani na lina dhamana, usiruhusu mtu yeyote alifungue. Lirudishe kwa muuzaji na daftari lako mkononi. Kama ni lililotumika na bado hujamaliza kulipa, fanya vipimo hivi vinne kabla ya shilingi ya mwisho kutoka mfukoni, na injini ipate moto wa nusu saa, maana likiwa baridi linaweza kuficha mengi. Na fundi akitaka kubadilisha kifaa, mwombe akuambie kwanza ni kipimo gani kilichomfikisha hapo. Kile cha zamani akukabidhi.

Kesho asubuhi, kabla hujapakia, anza na kipimo cha pili. Ni cha dakika moja. Nawatakia mavuno mema na safari salama.