Mwalimu anaondoka: toka Lubumbashi mpaka Kolwezi

Ukishika njia ya Lubumbashi, Likasi mpaka Kolwezi, ni kilometa 300 hivi, na kandokando unaona masomo mengi. Ingine zilijengwa na makanisa, ingine na Gécamines. Wazee wa Likasi wakianza kuongea habari za kampuni, hawamalizi: mwalimu alikuwa na nyumba, posho ya bunga, na hospitali kwa bibi na watoto. Nani angeondoka? Lakini mgodi wa Kamoto ulibomoka katika 1990, kampuni ikaregea, na mwalimu naye akaanza kuhesabu miezi bila mshahara.

Upande wa Serikali haukuwa afazali. Katika 1992 na 1993 walimu waligoma, na wazazi wakaanza kuchanga feza ili watoto wasome. Tulisema ni kwa muda kidogo tu. Ikadumu zaidi ya miaka 25! Pale ndipo mwalimu wa mji na mwalimu wa kijiji waliachana kabisa. Mjini wazazi walileta franka. Kijijini walileta kuku ao mihogo, ao hawakuleta kitu.

Mwezi wa 9, 2019, masomo ya msingi yakawa bure, kama Katiba ya 2006 inavyosema. Ni haki ya watoto, siipingi. Lakini mwalimu wa Lubumbashi alipoteza mchango ule, na wengi walinungunika. Wa kijiji hakuwa na kitu kikubwa cha kupoteza.

Yeye shida yake ni ingine. Acha lami, ingia upande wa Mitwaba ao Sandoa. Kuanzia 2011 Serikali ilianza kulipa walimu kupitia benki, na benki iko mbali. Mwalimu anapanda kinga ao lori, analala njiani, anangojea. Akirudi, safari imekula sehemu ya mshahara, na watoto wamekaa siku hizo zote bila somo. Na huyo ana bahati, maana kuna wale tunaita N.U.: wanafundisha, lakini jina lao halijaingia katika listi ya mishahara.

Kolwezi kuna benki na lami. Huko ni kobalti inayomvuta. Nyumba za kupanga ni bei, na mchimbaji, siku ya bahati, anaweza kushika feza ambayo mwalimu anaingojea mwezi muzima. (Siku ingine udongo unamwangukia, ila hiyo haionekani sokoni.) Basi mwalimu anaenda kupima mawe kule Musompo ao kuwa karani wa kampuni. Kijana wa darasa la sita anamuona akipita na pikipiki mpya, naye anaanza kujiuliza kama kalamu inafaa kitu.

Kuna vijiji ambako wazazi wanamjengea mwalimu nyumba na kumlimia shamba la mahindi, kila mwaka, kabla ya mvua. Mshahara unabaki uleule. Lakini huko wengine wanakaa.