Tumbo la Harvard

Rangi ya fedha ndiyo ngumu kuliko zote kupaka kwa brashi. Nyeusi haina maneno. Kijani haina maneno. Hata njano, ukiitangulizia andakoti nyeupe na uipake nyembamba mara tatu nne, mwishowe itakubali. Lakini fedha ina chembechembe ndogo za chuma zinazolala zikifuata njia ya brashi, na kila mahali uliporudi kurekebisha panabaki michirizi, kama uwanja uliofagiliwa asubuhi. Ndio maana jamaa wa YouTube wakifika kwenye fedha huweka brashi chini na kuwasha mashine ya kupuliza. Mimi sina mashine. Nina bedsita moja Makutano, Meru, brashi tatu, na laptop ninayoandikia makala za watu wengine ili nilipe rent.

Ndege yenyewe niliipata Gakoromone, kwa mama anayeuza mitumba ya vitu vya watoto. Boksi lilikuwa limekanyagwa lakini vipande vyote vilikuwa ndani, bado vimeshikana kwenye fremu zake za plastiki. Shilingi 300. Uwiano ni 1/72, maana yake ndege yenye mbawa za karibu mita 13 inakutosha kwenye kiganja: sentimita 18 hivi kutoka ncha hadi ncha. Kwenye boksi iliandikwa Harvard, na nilijua Harvard ni nini. Chuo niliacha mwaka wa tatu, deni la karo lilipopita bei ya ng'ombe wa nyumbani, lakini hakuna aliyeweza kunidai nirudishe niliyosoma maktaba.

Harvard ni ndege ya shule. Iliundwa Marekani kufundishia marubani: viti viwili, mwanafunzi mbele, mwalimu nyuma. Kuna siku nacheka peke yangu, mimi niliyeacha masomo nikipaka ndege ya wanafunzi. Sasa, mwaka 1953, miezi michache baada ya Hali ya Hatari kutangazwa, jeshi la anga la Uingereza lilileta Harvard hizi Kenya, likazifunga bunduki na mabomu madogo ya kilo tisa hivi, na kuzituma juu ya misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya kuwinda Mau Mau. Mwishoni mwa mwaka huo zikaja Lincoln kutoka Uingereza, ndege za injini nne zilizokuwa zikiruka kutoka Eastleigh na mabomu ya kilo mia mbili na zaidi. Huko msituni ndiko walikokuwa kina Musa Mwariama wa Meru na Kubukubu wa Embu. Mwariama alitoka msituni akiwa hai baada ya uhuru. Wengi hawakutoka.

Ndege za mafunzo za Uingereza miaka hiyo zilikuwa za rangi ya fedha, zikiwa na mikanda ya njano mwilini na kwenye mbawa. Kwa hivyo hapakuwa na njia ya mkato.

Aliyenisaidia si YouTube. Ni fundi wa mabango anayeandika majina ya maduka kwa mkono karibu na stage. Aliishika ile ndege akacheka sana, kisha akawa serious. Piga nyeusi ya kung'aa kwanza, akasema, kwa sababu fedha huazima mng'aro wa kilicho chini yake. Usitumie brashi ya duara, tumia bapa, nywele laini. Rangi iwe nyepesi kama maziwa. Pita mara moja, kutoka mbele kwenda nyuma, halafu toa mkono. Ukiona umeacha tundu, liache. Utaliziba kesho kwa koti ya pili. "Mkono unaorudi rudi ndio unaharibu," akaniambia, na hakunitoza kitu.

Nilifanya hivyo jioni nne, koti moja kila jioni. Vioo vya rubani vilikula jioni mbili peke yake, maana Harvard ina kioo kirefu chenye fremu nyingi kama dirisha la nyumba ya mission, na kila fremu inataka tepu yake. Kama hujawahi kukata tepu ya upana wa milimita moja kwa wembe, jaribu siku unataka kusahau WhatsApp ipo.

Upande wa juu ulipokauka nikaifunga kwa taulo na kupanda matatu ya Embu. Nkubu, Chogoria, Chuka, Runyenjes, ndege kwenye mapaja. Guka anaishi juu ya Kianjokoma, karibu na msitu. Mwaka 1953 alikuwa na miaka kumi. Kaka yake mkubwa aliingia msituni na hakurudi. Hilo tulilijua wote nyumbani, na hakuna aliyewahi kumwuliza zaidi.

Nilimwekea ndege mezani. Hakuangalia mikanda ya njano wala vile vioo. Aliigeuza chali, tumbo juu, na kuitazama kwa muda.

"Huku hujamaliza," akasema kwa Kiembu.

Nikamwambia chini nimepaka koti moja tu, kwa sababu haionekani.

"Haionekani na nani?"

Sikuwa na jibu. Picha zote nilizokuwa nimetumia zilipigwa uwanjani au kutoka ndege nyingine. Maelekezo ya boksi pia huanza na juu. Yeye hakuwahi kuona mgongo wa ndege hizi. Aliona tumbo, akiwa na mbuzi, akiwa amelala kwenye majani ya nduma. Akaniambia ilikuwa inang'aa kuliko hivi, kama sufuria mpya, na kwamba sauti yake ilikuwa ya kukwaruza, ilifika kabla yake. Akaniambia mama yao alikuwa akitoka nje zikipita na kuhesabu milipuko kwa vidole. Vidole vikiisha anaanza upya. Hakuwahi kusema anahesabu nini.

Nilikaa huko siku tatu. Nilikuwa nimebeba brashi na kichupa cha fedha. Nilipaka tumbo koti tatu zaidi, kwenye veranda, Guka akiwa kitini pake akinisimamia. Mara mbili alisema bado. Koti ya mwisho ilipokauka aliigeuza kwenye jua, akaitikia kwa kichwa.

Nikamwuliza kama niitundike darini kwa uzi, ionekane vizuri kutoka chini.

"Si juu ya kichwa changu," akasema. Akaiweka kando ya redio, tumbo juu.