Lacor, Kimbilio la Watu wa Gulu

Kilomita chache magharibi ya mji wa Gulu, kaskazini mwa Uganda, ipo Hospitali ya Mtakatifu Maria, Lacor. Hospitali hiyo ya Kanisa Katoliki, Jimbo Kuu la Gulu, ilifunguliwa mwaka 1959.

Katika vita vya waasi wa Joseph Kony, watoto walitekwa usiku majumbani mwao. Kwa hiyo kila jioni akina mama walijitwika mikeka, wakawashika watoto mikono, wakaenda kulala ndani ya ua wa hospitali. Maelfu walipata usingizi humo. Kulipopambazuka walirejea makwao.

Oktoba 2000 ukazuka ugonjwa wa Ebola. Daktari Matthew Lukwiya, aliyeiongoza hospitali, aliwatenga wagonjwa mapema, akaendelea kuwahudumia pamoja na wauguzi wake. Baadhi ya wauguzi hao walifariki. Yeye naye aliambukizwa, akafariki tarehe 5 Desemba. Katika Uganda nzima walikufa watu 224.

Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Watu wa Gulu walimpata rafiki huyo Lacor: usiku wa vita walipewa pa kulala, na siku za maradhi walikuwapo waliokubali kubaki wodini.