Kilo 150 na binti wa kidato cha tatu

Niko Himo kwa mazoezi ya kufundisha, na wiki hii kuna jambo limenikaa kichwani.

Darasani kwangu kuna binti wa kidato cha tatu mwenye nguvu kweli kweli. Siku za soko anamsaidia mama yake kushusha mikungu ya ndizi. Wenzake wanamwita Baunsa, na mwalimu mmoja alimtania kwamba akiendelea hivyo hatapata mume. Darasa likacheka. Yeye hakucheka.

Basi nikawasimulia habari za Mercy Obiero. Hakuna aliyewahi kulisikia jina hilo, na ukivuka tu mpaka pale Holili umeshaingia nchini kwake! Mkenya huyu alinyanyua vyuma kwenye Olimpiki ya London 2012, kundi la kilo 75. Sisi Wakenya tunaowajua ni wakimbiaji tu. Tena mchezo huo wanawake waliingizwa kwenye Olimpiki mwaka 2000 tu, kule Sydney.

Mwaka 2004, Athens, kundi hilohilo, Pawina Thongsuk wa Thailand na Natalya Zabolotnaya wa Urusi walifungana kilo 272.5. Kuna mnyanyuo wa kukipeleka chuma juu ya kichwa kwa mkupuo mmoja, na ule wa kukipandisha mabegani kwanza ndipo unakisukuma juu, halafu wanajumlisha. Pawina 122.5 na 150, Mrusi 125 na 147.5. Dhahabu akachukua Pawina kwa sababu mwili wake ulikuwa mwepesi zaidi. Kilo 150, jamani! Gunia la mahindi la kilo 100, uongeze na nusu gunia juu yake.

London nako kuna funzo. Watatu wa kwanza wa kilo 75, Zabolotnaya akiwemo, baadaye walinyang'anywa medali kwa sababu ya dawa. Fedha ikaenda kwa Abeer Abdelrahman wa Misri, shaba kwa Madias Nzesso wa Kameruni aliyekuwa wa sita. Wanawake wawili wa Afrika, na siku yenyewe waliondoka mikono mitupu.

Kinachoniuma ni hiki. Huku kwetu mwanamke akibeba ndoo ya maji, kuni na mtoto mgongoni, hakuna anayesema hataolewa. Nguvu zilezile akizipeleka jukwaani ndipo zinakuwa aibu. Akiwabebea wengine ni mke bora, akijibebea mwenyewe ni baunsa!

Sisemi binti huyu aende Olimpiki. Shuleni hatuna hata chuma kimoja. Nimempendekeza arushe tufe kwenye mchujo wa UMISSETA, tuone. Baada ya kipindi alinifuata nje.

"Madam, huyo wa Thailand alikuwa na kilo ngapi?"

"Hazikuzidi 75."

"Mimi nina 71," akasema, akaondoka zake.

Haya, ngoja nikamalizie andalio la somo la kesho. Tuombeane uzima.